Magneta si Ukoo Mwingine wa Nyota

Kuna imani imekaa vitabuni na vinywani mwa watu wa fizikia kana kwamba ilishushwa kwa amri: magneta ni nyota za aina yake, na pulsa za redio ni nyota za aina nyingine. Pulsa, tunaambiwa, huishi kwa mzunguko wake na husikika kwa redio. Magneta huishi kwa sumaku yake na huonekana kwa eksirei na miale ya gama. Mwanafunzi anakariri, anaandika kwenye mtihani, anapata alama zake na maisha yanaendelea. Mimi nasema mgawanyo huo hauko angani. Uko kwenye daftari za watu waliozitazama nyota hizo kwa vyombo tofauti, kisha wakasahau kwamba vyombo ndivyo vilivyotofautiana.

Kuhusu zilivyo, pande zote zinakubaliana. Magneta na pulsa zote ni nyota za neutroni: kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, mpira wenye upana wa kilomita 20 na ushei, mzito kuliko jua, unaozunguka kwa saa isiyokosea na kubeba uga sumaku usio na mfano duniani. Ubishi unaanza pale tunapoulizwa kama zimezaliwa matumbo mawili au moja.

Tuanze na majina, maana ndiko uongo ulikoingilia. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi Cambridge, alinasa kwa antena za redio mapigo yaliyorudi kila baada ya sekunde 1.337. Hiyo ndiyo pulsa ya kwanza, na kwa kuwa ilipatikana kwa redio, pulsa ikawa kitu cha redio. Miaka mitatu baadaye hadithi inahamia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, mradi wa Waitaliano wa Luigi Broglio. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza anga kwa eksirei, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza kisayansi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha yake ya nne, iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Kimoja kati yake kinaitwa 4U 0142+61. Herufi U ni ya Uhuru.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua 4U 0142+61 ni kitu gani. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba inapiga kila baada ya sekunde 8.7. Ilipigwa muhuri wa “pulsa ya eksirei isiyo ya kawaida”, jina ambalo kwa lugha ya adabu maana yake ni kwamba wataalamu wameshindwa. Leo inahesabiwa kuwa magneta. Kwa hiyo moja ya magneta mashuhuri kuliko zote iliingia kwenye kumbukumbu za binadamu kupitia chombo kilichorushwa kutoka maji ya Malindi, miaka 22 kabla ya mtu yeyote kulitumia neno magneta kwenye makala ya kisayansi.

Mlango wa tatu ulikuwa miale ya gama, na hapo hata Dodoma, huku Tanzania ya kati, ina sehemu yake, ingawa hakuna aliyejua. Jioni ya tarehe 5 Machi 1979, saa 12 na dakika 51 kwa saa zetu, Tanzania ikiwa vitani na Idi Amin, wimbi la miale ya gama lilifika duniani kutoka Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu. Vyombo vya Kisovieti Venera 11 na Venera 12 vilivyokuwa safarini angani vililewa kwa wingi wake. Ukipiga hesabu ya mahali nyota hiyo ilipokuwa dakika ile, unakuta kwamba kwa mtu aliyesimama Dodoma ilikuwa karibu kabisa na kilele cha njia yake, kusini, nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa macho, jua likiwa linazama. Wimbi lile lilishuka moja kwa moja juu ya uwanda wa kati. Angahewa ililimeza, watu wakaendelea na shughuli zao. Nyuma yake yalifuata mapigo ya kila sekunde 8 yaliyofifia kwa dakika kadhaa. Chanzo hicho na wenzake wakapewa jina lao wenyewe, virudiaji vya gama laini, na daftari la tatu likafunguliwa.

Sasa tazama kilichotokea kwa madaftari hayo. Mwaka 1992 Robert Duncan na Christopher Thompson waliandika kwamba nyota ya neutroni inaweza kuzaliwa na uga sumaku mkubwa kiasi cha kulipasua ganda lake, wakaiita magneta. Mwaka 1998 Chryssa Kouveliotou na wenzake walipima jinsi kirudiaji kimoja, SGR 1806-20, kinavyopunguza kasi, na hesabu ikalingana na nadharia. Wakati huo bado “pulsa zisizo za kawaida” na “virudiaji” zilikuwa koo mbili, na kila ukoo una watetezi wake. Kisha Juni 2002 ile pulsa isiyo ya kawaida iitwayo 1E 2259+586 ikaanza kutema milipuko midogo kwa makumi, kama kirudiaji chochote. Ukuta ukaanguka. Leo hakuna mtu makini anayezitenganisha. Wale wale waliokubali kuubomoa ukuta ule ndio wanaolinda huu uliobaki, na kwa hoja zile zile zilizoshindwa mara ya kwanza: hii haijawahi kufanya vile, na ile haijawahi kufanya hivi.

Hoja yao kuu ni nguvu ya sumaku. Pulsa ya kawaida, wanasema, ina uga wa gausi trilioni moja hivi. Magneta ina trilioni 100 hadi 1,000 na zaidi. Kati yao pana pengo.

Pengo gani? Hesabu yenyewe inafanyika kwa kikokotoo cha mwanafunzi wa kidato cha tano. Chukua muda wa mzunguko mmoja kwa sekunde, uzidishe kwa kiasi ambacho muda huo unarefuka kila sekunde, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 32 yenye sifuri 18 nyuma yake. Umepata uga wa juu ya nyota kwa gausi. Takwimu za kuingiza zimo kwenye orodha ya pulsa inayotunzwa Australia, bure, kwa yeyote mwenye simu na bando. Anza na PSR J1847-0130, pulsa ya redio isiyo na kashfa yoyote, inayozunguka kwa sekunde 6.7: unapata trilioni 94. Halafu ingiza 1E 2259+586, magneta iliyothibitishwa kwa milipuko, sekunde 7.0: unapata trilioni 59. Pulsa ya kawaida imeizidi magneta. Sasa nenda SGR 0418+5729, iliyojulikana mwaka 2009 baada ya kutema milipuko kama magneta nyingine. Uga wake ni kama trilioni 6. Zipo pulsa za redio nyingi tu zenye uga mkubwa kuliko huo, na hakuna anayeziita magneta. Kama mpaka ni nguvu ya sumaku, basi mpaka huo una watu wa pande zote mbili wanaolala upande usio wao.

Hapa mpinzani mwenye akili hanyamazi. Atasema: umejifunga mwenyewe. Kama J1847-0130 na 1E 2259+586 zina mzunguko unaokaribiana na uga unaokaribiana, lakini moja ina kelele za eksirei na milipuko na nyingine ni ya redio tu, si ndiyo dalili kwamba kuna kitu kingine ndani kinachozitofautisha kwa asili? Ni hoja nzito, na waliogundua nyota hiyo mwaka 2003 waliifikiria wenyewe. Lakini ina matundu mawili. La kwanza, ile hesabu ya kikokotoo inapima uga wa nje tu, ule unaoifunga nyota breki. Haisemi chochote kuhusu uga uliojizungusha ndani ya ganda, na huo ndio unaopasua. SGR 0418+5729 isingelipuka kama hakuna akiba iliyofichika chini. Kwa hiyo “kitu kingine ndani” kipo, ila ni kiasi cha akiba, na akiba huwa nyingi, ya kati, kidogo, au iliyokwisha. Kitu kinachopimika kwa wingi hakitengenezi koo mbili.

Tundu la pili ni kubwa zaidi, nalo lina tarehe. PSR J1119-6127 ilitangazwa mwaka 2000 kuwa pulsa ya redio. Inazunguka zaidi ya mara 2 kwa sekunde na uga wake ni trilioni 41. Iko magharibi kidogo ya Msalaba wa Kusini, sehemu ya anga ambayo mtu wa Dodoma anaiona bila shida usiku wa kiangazi. Kwa miaka 16 ilikuwa pulsa ya mfano. Kuanzia tarehe 27 Julai 2016 ikatema milipuko mifupi ya eksirei iliyonaswa na setilaiti za Fermi na Swift, mwanga wake wa eksirei ukapanda kwa zaidi ya mara 100, na redio yake ikazimika. Baada ya wiki mbili hivi redio ikarudi, ikiwa na sura tofauti kwanza, kisha taratibu ikatulia kama zamani. Mtu aliyeandika kitabu Juni 2016 aliiita pulsa, aliyeandika Agosti aliiita magneta, na wa mwaka uliofuata akairudisha kwenye pulsa. Je, nyota ilibadili ukoo mara mbili ndani ya miezi michache? Na haikuwa ya kwanza. Mwaka 2006 PSR J1846-0258, changa mno, yenye umri usiofika miaka 1,000, ilikuwa imetema milipuko ya aina hiyo hiyo. Sasa nieleze kwa nini J1847-0130, ambayo tumeifahamu kwa miongo michache tu kati ya maelfu ya miaka ya maisha yake, ihukumiwe milele kwa sababu haijalipuka wakati sisi tunatazama.

Nakuja kwenye ukimya wa redio, hoja inayopendwa na vitabu vya shule. Magneta hazina redio, wanasema. Zamani kidogo hilo lilionekana kweli, na hata nadharia ikajengwa kueleza kwa nini uga unaozidi trilioni 44 lazima uizime redio. Mwaka 2006 Fernando Camilo na wenzake wakatangaza kwamba magneta XTE J1810-197, iliyokuwa imelipuka mwaka 2003, inapiga redio kwa nguvu, kila sekunde 5.54, sawasawa na eksirei yake. Mwishoni mwa 2008 ikanyamaza. Desemba 2018 ikaanza tena. PSR J1622-4950 ilifanya mchezo huo huo, na yenyewe iligunduliwa kwa redio moja kwa moja. Swift J1818.0-1607 ya Machi 2020 inazunguka kwa sekunde 1.36, karibu sawa kabisa na pulsa ya kwanza ya Jocelyn Bell. Na SGR 1935+2154, tarehe 28 Aprili 2020, ilitoa pigo moja la redio lililofanana na yale ya ghafla yanayotoka galaksi za mbali.

Mtu wa uwanda wa kati hapaswi kubabaishwa na jambo hili. Anayeishi kando ya Kinyasungwe anajua mto ni mchanga mkavu miezi mingi, watu wanachimba visima vya mchanga katikati yake na ng'ombe wanapita, kisha masika yakija mto ule ule unachukua reli kati ya Gulwe na Godegode. Hakuna Mgogo aliyewahi kudai pale pana mito miwili.

Na kama ukimya wa redio ungekuwa sababu ya kumtoa mtu kwenye ukoo, basi Geminga ingekuwa imefukuzwa zamani. Miale yake ya gama iligunduliwa na SAS-2, setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka San Marco, Novemba 1972. Ilichukua miaka 20 kujua kwamba ni nyota ya neutroni inayopiga zaidi ya mara 4 kwa sekunde. Darubini za redio zilihangaika nayo bila kupata cha maana. Hata hivyo Geminga inaitwa pulsa kila mahali, hakuna anayeitilia shaka. Pulsa bububu inaruhusiwa. Magneta ikiwa bubu inatengewa kabila. Huu ni upendeleo, si sayansi.

Kuna watakaokimbilia chanzo cha nishati, na hapo ndipo wengi hujificha kwa muda mrefu zaidi. Magneta, wanasema, hutoa eksirei nyingi kuliko nishati inayopotea kwa kupunguza kasi, kwa hiyo lazima inakula sumaku yake. Pulsa inakula mzunguko wake. Kweli, 4U 0142+61 inang'aa kwa eksirei kuliko mzunguko wake unavyoweza kulipia. Silipingi hilo hata kidogo. Lakini J1119-6127 ilipolipuka mwaka 2016, mwanga wake haukuzidi nishati ya mzunguko wake. Kwa kipimo hicho isingeitwa magneta, ingawa milipuko ilikuwa ya magneta mtupu. Kipimo kinachoshindwa kumtambua mtuhumiwa aliyekamatwa na kidhibiti mkononi ni kipimo cha nini? Isitoshe, mwaka 2012 Nanda Rea na wenzake walionyesha kwamba magneta zinazosikika kwa redio ni zile ambazo, zikiwa zimetulia, eksirei yake haizidi nishati ya mzunguko. Maana yake ni kwamba redio ya magneta inafuata sharti lile lile la mzunguko linaloendesha redio ya pulsa. Nyota moja ina mifuko miwili. Nyingine zimejaza mmoja, nyingine wa pili, na zipo zinazochota kote.

Niongeze hoja ya hesabu ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Nyota hizi huzaliwa kwenye milipuko ya nyota kubwa, na galaksi yetu inakadiriwa kupata kama miwili hivi kwa kila karne. Mwaka 2008 Evan Keane na Michael Kramer walijumlisha viwango vya kuzaliwa vinavyohitajika kwa kila kundi la nyota za neutroni kana kwamba kila kundi linajitegemea: pulsa za redio, zile za redio ya vipindi, zile zenye joto tupu, magneta. Jumla ikazidi vifo vilivyopo. Huwezi kuwa na watoto wengi kuliko uzazi. Njia rahisi ya kutoka hapo ni kukubali kwamba tumewahesabu watoto wale wale kwa majina tofauti, wakiwa katika umri tofauti.

Sitaki nitiliwe maneno mdomoni. Sisemi kila pulsa itakuja kuwa magneta, wala kwamba pulsa ya Kaa italipuka kesho. Nyota huzaliwa na akiba tofauti, na nyingi huzaliwa na akiba ndogo. Redio ya magneta pia ina tabia zake: inabadilika haraka, na nguvu yake haishuki kwa kasi kwenye masafa ya juu kama ya pulsa nyingi. Lakini hoja ya mama mzito, yaani ya ukubwa wa nyota iliyolipuka na kuacha magneta, naona imekufa. Walisema magneta huzaliwa na nyota zilizozidi uzito wa jua mara 40, wakitaja ile iliyoko kwenye kundi la Westerlund 1. Kisha ikaonekana kwamba mama wa SGR 1900+14 alikuwa na uzito wa jua mara 17 tu.

Na kwa nini ubishi huu uandikwe kwa Kiswahili? Nimeshaulizwa. Kwa sababu ushahidi wake mwingi umepita kwetu. Setilaiti ya IXPE, iliyoruka Desemba 2021, huzunguka juu ya ikweta na huteremsha data zake kwenye kituo cha Malindi. Mwanzoni mwa 2022 iliitazama 4U 0142+61, na ikapima kwa mara ya kwanza jinsi mwanga wa eksirei wa magneta ulivyopangika. Chombo hicho hicho kilipima pulsa ya Kaa na ile ya Vela. Yaani nyota iliyosajiliwa na chombo kilichorushwa Malindi ilirudi Malindi kusomwa, nusu karne baadaye. Wakati huo huo mradi mkubwa wa darubini za redio, ule wa SKA, una Kenya, Msumbiji na Zambia kwenye orodha ya washirika wake wa Afrika, majirani zetu kwa pande tatu, na sisi Watanzania hatumo. Uwanda wa Dodoma uko mita 1,100 hivi juu ya bahari, una kiangazi cha miezi mingi, na unaiona sehemu ya katikati ya galaksi karibu na utosi. Hilo ni la siku nyingine.

Kinachonisumbua ni kwamba tunakaribia kurudia kosa. Mwaka 2022 ilitangazwa GLEAM-X J162759.5-523504.3, chanzo cha redio kinachorudi kila baada ya dakika 18.18. Mwaka huo huo darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini ikatangaza PSR J0901-4046, sekunde 76. Tayari yameanza kufunguliwa madaftari mapya yenye majina mapya. Baadhi huenda si nyota za neutroni kabisa, na hizo zikitoka sitalalamika. Lakini kwa zile zitakazobaki, na kwa wale wote wanaoshikilia kwamba magneta na pulsa ni koo mbili, nina swali moja ninalotaka lijibiwe kwa maandishi kabla ya nyota inayofuata kulipuka: ni kipimo gani, kikipatikana, kitawafanya mkubali kwamba mpaka haupo? Milipuko kutoka pulsa mmeshaiona mara mbili. Redio kutoka magneta mmeisikia kutoka zaidi ya tano. Magneta yenye uga dhaifu kuliko pulsa mnayo tangu 2010. Kama hayo yote hayatoshi, basi semeni kitakachotosha.